Uzito wa magurudumu na mchapuko wa gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu mchapuko, yaani jinsi gari linavyoongeza mwendo, kwa gari la kawaida la barabarani. Ili namba zilinganike, hesabu zote zimefanywa kwa gari moja la mfano: uzito wake ni kilo 1,300 pamoja na dereva, linatoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 10, na limevaa matairi ya 195/65R15 (upana milimita 195, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15). Gari lako likiwa zito zaidi au jepesi zaidi, namba zitasogea kidogo, lakini mpangilio wa mambo utabaki uleule.

Je, ni kweli magurudumu mazito yanalifanya gari liwe zito kuchomoka?

Ndiyo. Ukikanyaga mafuta, injini inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inalisukuma gari zima mbele, na papo hapo inayazungusha magurudumu, nayo yanataka kuzunguka kwa kasi zaidi kila gari linapoongeza mwendo. Kiti, mlango na abiria vinahitaji kazi ya kwanza tu. Gurudumu linahitaji zote mbili, ndiyo maana kilo iliyo kwenye gurudumu ina gharama kubwa kuliko kilo iliyo kwenye buti.

Wataalamu wa fizikia huita tabia hii inesha: kitu kilichosimama kinakataa kuanza kwenda, na kinachozunguka kinakataa kuacha kuzunguka. Inesha ya kuzunguka haitegemei uzito peke yake. Inategemea pia uzito huo umekaa umbali gani kutoka katikati ya ekseli.

Nimesikia kilo moja ya gurudumu ni sawa na kilo nne, nane au hata kumi za bodi. Ni kweli?

Si kweli. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu watu wanatumia pesa nyingi kwa kuamini namba hii.

Chukua gurudumu la kufikirika ambalo uzito wake wote uko kwenye ukingo wa nje kabisa, pale panapogusa lami. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, ukingo huo nao unaizunguka ekseli kwa kilomita 60 kwa saa. Kwa hiyo nishati ya kuzunguka inalingana sawasawa na nishati ya kwenda mbele, na jumla yake ni mara mbili. Huwezi kuuweka uzito nje zaidi ya pale tairi linapogusa barabara, basi mara mbili ndicho kikomo. Hakuna rimu wala tairi linaloweza kukivuka.

Uzito ukisogea ndani, adhabu inapungua haraka, kwa sababu umbali unaingia kwenye hesabu kwa mraba. Kilo iliyo nusu ya njia kati ya ekseli na lami haiongezi nusu kilo, inaongeza robo. Inahesabika kama kilo moja na robo.

Kwa gurudumu halisi la gari la abiria, rimu na tairi kwa pamoja, kilo moja huhesabika kama kilo moja na nusu, au zaidi kidogo. Ni tofauti ya kweli na inafaa kuijali, ila iko mbali sana na kumi.

Gurudumu kubwa si lina adhabu zaidi, kwa kuwa uzito wake uko mbali na katikati?

Hapa wengi hukosea, hata mafundi wazoefu. Ukiwa na magurudumu mawili yenye kilo zilezile, na uzito umegawanyika kwa uwiano uleule, moja dogo na moja kubwa, yote mawili yanahitaji nishati sawa kufikia kasi fulani ya gari. Lile kubwa uzito wake uko mbali, ni kweli, lakini pia linazunguka taratibu zaidi, na mambo hayo mawili yanafutana kabisa.

Magurudumu makubwa yanalichelewesha gari kwa sababu nyingine mbili: kwa kawaida huwa na kilo nyingi zaidi, na kipenyo kikiongezeka ni kama umebadilisha gia. Yote mawili yanafuata hapa chini.

Kati ya rimu na tairi, ni kipi chenye athari kubwa?

Tairi, kwa kila kilo. Sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, pamoja na mikanda ya chuma iliyofichwa chini yake, iko karibu kabisa na ule ukingo wa nje. Kilo moja ya tairi huhesabika kama kilo 1.8 hivi. Rimu ya inchi 15 iko ndani zaidi, na kitovu chake kiko ndani kuliko vyote. Kilo moja ya rimu hiyo huhesabika kama kilo 1.3 au 1.4.

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Watu hukaa miezi wakichagua rimu nyepesi, kisha siku ya kuzivisha wanachukua tairi lolote lililopo. Matairi mawili ya saizi ileile, ya watengenezaji tofauti, yanaweza kupishana kwa kilo nzima au zaidi. Matairi yanayoweza kwenda bila upepo huwa mazito kwa sababu kuta zake zimeimarishwa. Ya mizigo na ya njia mbovu, yenye tabaka nyingi, ni mazito pia. Kabla hujaiuliza rimu ina kilo ngapi, uliza tairi.

Nikipunguza kilo tatu kwa kila rimu, nitapata nini kwa sekunde?

Kilo 3 mara magurudumu 4 ni kilo 12. Ukizidisha kwa 1.35 unapata kama kilo 16. Gari letu la mfano, ukijumlisha na ukaidi (ile inesha ya kuzunguka) wa magurudumu yake, ambao ni sawa na kilo 40 hivi, linahesabika kama kilo 1,340. Umepunguza asilimia 1.2. Kwenye sekunde 10, hiyo ni takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Ukipunguza kilo 2 kwa kila tairi, unapata karibu kilekile: kilo 8 mara 1.8 ni kilo 14 na kidogo. Kilo chache zaidi, faida karibu sawa, na pengine kwa pesa kidogo, maana matairi ungeyanunua hata hivyo.

Kwa anayeshindana, sehemu ya kumi ya sekunde ni kitu. Kwa anayekwenda kazini na kurudi, hataiona.

Nataka kutoka inchi 15 kwenda inchi 18 kwa ajili ya muonekano. Nitapoteza kiasi gani?

Tuseme rimu yako ya sasa ina kilo 8 na tairi kilo 9. Unaweka rimu ya inchi 18 yenye kilo 13 na tairi la 225/40R18 lenye kilo 11. Kipenyo cha nje karibu hakijabadilika: kilikuwa milimita 634.5, sasa ni 637.2. Ila kila kona ya gari imeongezeka kilo 7, na chuma cha rimu kimesogea nje, kwa hiyo kila kilo ya rimu sasa inahesabika kama 1.45 hivi.

Ukipiga hesabu yote, ni kama umempakia mtoto wa kilo 47 ndani ya gari asiyeshuka kamwe. Mchapuko unapungua kwa asilimia 3.4 hivi, yaani theluthi ya sekunde hivi kufikia kilomita 100 kwa saa. Dereva anayelijua gari lake ataliona hilo akipita gari jingine mlimani.

Sisemi usiziweke. Tairi fupi la ukuta mgumu hushika kona vizuri zaidi, na macho nayo yana haki yake. Nasema ujue umelipa nini. Rimu hizohizo za inchi 18 zinapatikana zikiwa na kilo 9 na kidogo, na hapo sehemu kubwa ya hasara ya upande wa rimu inaondoka.

Kipenyo cha tairi kinaingiaje?

Kinaingia kwa nguvu, mara nyingi kuliko uzito wenyewe. Nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye ekseli inageuka kuwa msukumo barabarani kupitia nusukipenyo cha tairi. Tairi likiwa refu, msukumo unapungua kwa kiasi hichohicho.

Mfano: kutoka 195/65R15 kwenda 215/65R16. Kipenyo kinatoka milimita 634.5 hadi 685.9, ongezeko la asilimia 8.1. Kwenye gia ileile na kasi ileile ya injini, msukumo wa barabarani umepungua kwa asilimia 7.5. Hata ungepata matairi na rimu zisizozidi uzito wa zile za zamani, gari lingekuwa limelegea kuondoka. Kila gia inakwenda mbali zaidi kabla ya kubadilisha, na hilo linarudisha sehemu ya hasara ukivuta gari hadi mwisho wa gia. Lakini unapoondoka kwenye taa, au unapokanyaga mafuta ukiwa kwenye gia ya nne bila kushusha gia, hakuna kinachorudishwa.

Spidomita nayo inabadilika: iliposoma 100 kwa haki, sasa itasoma 100 ukiwa unakwenda 108. Jambo hilo linaweza kukupa faini.

Kuhesabu kipenyo mwenyewe ni rahisi. Soma ubavu wa tairi. Kwenye 195/65R15, zidisha 195 kwa 0.65, kisha mara mbili, kwa kuwa kuna ukuta juu na ukuta chini. Ongeza 15 mara 25.4. Jibu ni milimita.

Kwa nini gia ya kwanza haioneshi tofauti kubwa, ilhali ndiko gari linakochapuka zaidi?

Kwa sababu kwenye gia ya kwanza kuna kitu kizito zaidi kinachozungushwa: injini yenyewe. Krenki, flaiwili na klachi vinazunguka mara nyingi zaidi kuliko magurudumu, na uwiano wa gia unaingia kwenye hesabu kwa mraba.

Chukua injini ambayo sehemu zake zinazozunguka zina inesha ya 0.15, kwa kipimo cha kilo na mita mraba. Ikiwa jumla ya uwiano wa gia ya kwanza ni 14, yaani injini inazunguka mara 14 gurudumu likizunguka mara moja, injini hiyo inaongeza ukaidi sawa na kilo 300 kwenye gari. Kwenye gia ya tano, uwiano ukiwa 3.2, injini ileile inaongeza kilo 16 tu. Magurudumu manne ya gari letu yanaongeza kama kilo 40 kwenye gia yoyote, siku zote. Kwa hiyo mchango wa magurudumu humezwa na injini kwenye gia ya kwanza, na hujitokeza kuanzia gia ya tatu kwenda juu.

Mbona baada ya kuweka rimu nyepesi nilihisi gari limekuwa jepesi sana, kuliko namba hizi?

Hisia yako ina msingi, ila haitokani na mchapuko peke yake. Gurudumu na tairi havining'inizwi na springi kama bodi. Vikiwa vyepesi, shokamzoba inavitawala kwa urahisi, tairi linarudi chini haraka baada ya kila kishimo, usukani unajibu upesi, na mitetemo michache inafika kwenye kiti. Gari zima linaonekana limeamka. Mimi binafsi naona hapo ndipo thamani kubwa ya rimu nyepesi ilipo, hasa kwenye lami iliyochakaa, ambako tairi zito hurukaruka na kupoteza mshiko.

Mara nyingi pia rimu mpya huja na matairi mapya ya aina nyingine. Badala ya badiliko moja, umefanya manne.

Aloi si lazima iwe nyepesi kuliko chuma?

Si lazima. Alumini yenyewe ni nyepesi, lakini rimu ya aloi iliyomiminwa kwa bei nafuu huongezewa unene ili isipasuke, na hapo faida inaliwa. Rimu ya aloi ya inchi 17 inaweza kuishinda kwa kilo rimu ya chuma ya inchi 15. Iliyofuliwa, yaani alumini iliyobanwa kwa shinikizo kubwa badala ya kumiminwa kwenye kalibu, huwa na nguvu zaidi, hivyo inaweza kutengenezwa nyembamba na nyepesi. Bei yake inapanda kwa sababu hiyo.

Wazo lenyewe ni la zamani: Bugatti Type 35 ya mwaka 1924 ilikwenda mashindanoni na magurudumu ya alumini. Leo kuna rimu za nyuzi za kaboni kwenye baadhi ya magari ya kasi, na ni ghali mno.

Usiamini neno "nyepesi" kwenye tangazo. Panda kwenye mizani ya kupimia watu, soma namba. Panda tena ukiwa umelikumbatia gurudumu. Toa ya kwanza kutoka ya pili. Dakika mbili, na hakuna muuzaji atakayekudanganya.

Magurudumu mepesi yanafupisha umbali wa kusimama?

Kidogo sana ukifunga breki kwa dharura. Kinacholisimamisha gari ni mshiko wa tairi barabarani. Mzunguko wa gurudumu unazuiwa na breki yenyewe, kutoka ndani, bila kutumia mshiko huo. Breki ikiwa na nguvu ya kutosha kufikia kikomo cha tairi, na karibu kila gari zima lina nguvu hiyo, inesha ya magurudumu haibadilishi umbali. Kinachobadilika ni joto: breki inabeba nishati iliyopungua kidogo kila mara, na kwenye mteremko mrefu hilo lina maana. Umbali wa kusimama unapunguzwa na tairi zuri lenye upepo sahihi.

Vipi kuhusu mafuta na kasi ya juu kabisa?

Kasi ya juu kabisa haiguswi. Gari likienda kwa mwendo usiobadilika, inesha haina kazi. Kinachopambana na injini ni upepo na ukinzani wa tairi kuviringika. Kwa matumizi ya mafuta, uzito wa magurudumu unaonekana mjini, kwenye kusimama na kuondoka. Safari ndefu inategemea zaidi aina ya tairi na upepo uliojazwa. Tairi pana, laini na lisilojaa vizuri linakula mafuta kuliko kilo tatu za rimu.

Magari ya umeme yanafuata kanuni hizohizo, ila ni mazito, kwa hiyo sehemu ya magurudumu ni ndogo kwa asilimia. Kwa kuwa sehemu ya nishati inarudi kwenye betri wakati wa kupunguza mwendo, tairi linaloviringika kwa urahisi lina faida kubwa kuliko rimu nyepesi.

Nati nyepesi, naitrojeni na kutoa tairi la spea vinasaidia?

Nati: hazisaidii. Ziko milimita 57 hivi kutoka katikati, na pale kilo moja inahesabika kama kilo 1.03.

Naitrojeni: upepo wote ndani ya tairi la gari letu una uzito wa gramu 130 hivi. Ukibadilisha kuwa naitrojeni tupu unapunguza kama gramu 4.

Spea: kilo 16 kwenye buti ni kilo 16, zinahesabika mara moja. Ziache zilipo, siku ya pancha utazihitaji.

Tope lililokauka ndani ya rimu, hilo lioshe. Linaongeza uzito mahali pabaya, na zaidi ya hapo linaharibu balansi.

Kwa nini matairi yaliyochakaa yanachapuka vizuri zaidi?

Kwa sababu yamepungua pande zote. Tairi la gari letu likilika milimita 6, limepoteza zaidi ya kilo moja ya mpira, tena kutoka ukingo wa nje kabisa, na kipenyo kimepungua milimita 12, karibu asilimia 2. Vyote viwili vinaongeza mchapuko. Tairi hilohilo kwenye maji ni hatari: mifereji yake haina tena kina cha kutoa maji, na gari linaelea. Usiendeshe matairi yaliyokwisha kwa ajili ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Nitapimaje tofauti mimi mwenyewe?

Usianzie kwenye kusimama. Kuondoka kuna klachi, utelezi na mkono wa dereva, na vitu hivyo vinapishana kuliko tofauti unayoitafuta. Chagua gia moja, tuseme ya tatu, na upime muda wa kutoka kilomita 50 hadi 90 kwa saa kwa kifaa cha GPS, si spidomita, kwa sababu spidomita inategemea kipenyo cha tairi. Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na watu, ambako kasi hiyo inaruhusiwa. Nenda pande zote mbili ili upepo na mwinuko vifutane. Mafuta yaleyale kwenye tanki, watu walewale, upepo uleule kwenye matairi, injini imeshapata joto. Rudia mara nyingi, kisha chukua wastani. Ikiwa vipimo vya gari lilelile, bila kubadilisha chochote, vinapishana kwa sehemu mbili za kumi, basi huwezi kudai umeona faida ya sehemu moja.

Nataka gari lichomoke vizuri zaidi. Nianzie wapi?

Anza na saizi. Angalia kibandiko cha mtengenezaji, mara nyingi kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, uone kama aliyekutangulia hakuweka tairi refu kuliko lililokusudiwa. Kurudisha kipenyo sahihi kunaweza kukupa zaidi ya rimu yoyote. Kisha, wakati wa kubadilisha matairi ukifika, linganisha uzito wake. Rimu nyepesi ziwe za mwisho, na zikija, chagua kipenyo kidogo kinachopita juu ya breki zako bila kugusa.

Tairi jepesi lisiwe tairi dhaifu. Baada ya saizi kuna namba ya uwezo wa kubeba: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 94 ni kilo 670. Usishuke chini ya namba iliyowekwa na mtengenezaji wa gari. Kwa rimu ni hivyohivyo: uwezo wa kubeba huandikwa nyuma yake, na ikiwa haukuandikwa popote, iache dukani. Ukishafunga magurudumu mapya, kaza nati kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha gari, kisha zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.